“Unafanya Kazi, Usiguswe”

Nimekaa katika vikao vingi vya taasisi za umma ambamo maneno haya hutolewa kama hoja: mfumo unafanya kazi, usiguswe. Mwezi uliopita niliyasikia tena, kuhusu seva ya Linux inayotunza matokeo ya wanafunzi kwa kutumia PHP 5.6. Waundaji wake waliacha kulitolea toleo hilo marekebisho ya usalama mwishoni mwa 2018. Kila wanapoziba tundu katika matoleo mapya, humwonyesha mvamizi mahali pa kupekua katika la zamani.

Wakasema hakuna fedha. Fedha za nini? PHP ni bure, Linux ni bure. Seva moja hubeba matoleo mawili sambamba: unanakili mfumo, unaijaribu nakala kwenye toleo jipya, ndipo unahama. Kazi halisi ni kurekebisha programu yenyewe, maana PHP 7 iliondoa kabisa zile amri kongwe za mysql ambazo juu yake mfumo ule umejengwa. Kazi hiyo yataka mtaalamu na muda wake, haitaki zabuni. Na kwetu kazi isiyo na zabuni haina mwenyewe. Mfumo mpya huzinduliwa kwa utepe na hotuba. Nani amewahi kukata utepe wa ukarabati?

Siku taarifa za wanafunzi zitakapovuja, atakayeitwa kujieleza ni kijana wa TEHAMA aliyeomba kibali mara tatu kwa maandishi. Aliyeyafungia maombi yake drooni ataongoza kamati ya uchunguzi.