Virusi Havionekani, na Mgonjwa Je?

Mtu wa Buyenzi, Bujumbura, anayemeza dawa za sida, yaani UKIMWI, hutoka maabara na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Anachokitafuta humo ni neno moja tu: virusi havionekani. Huenda hajapungua hata kilo moja wala hana kikohozi, lakini roho yake haitulii mpaka aione namba ya virusi, namba asiyoweza kuihisi mwilini.

Je, namba hiyo yastahili imani yote hiyo? Namba ya maabara imewahi kudanganya. Mwaka 1988 ulianza utafiti wa Concorde huko Uingereza, Ayalandi na Ufaransa. Watu wenye VVU ambao walikuwa bado hawajaugua waligawanywa: baadhi walipewa dawa ya zidovudini mara moja, wengine wakasubiri, na CD4, wale askari wa mwili, wakaongezeka kwa waliowahi. Matokeo kamili yalipotoka 1994, ikaonekana kwamba waliowahi dawa hawakuishi zaidi ya waliosubiri. Askari waliongezeka, vita ikabaki pale pale.

Lakini kuutegemea mwili peke yake nako kuna hasara. Warundi waliijua klorokwini, dawa ya malaria: homa inashuka, mtoto anarudi kucheza, vimelea vimebaki kwenye damu. Ndiyo maana mwaka 2003 nchi ilihamia artesuneti na amodiakwini. VVU sugu ni hivyo hivyo, tena hujificha zaidi. Mtu ananenepa, anafanya biashara yake sokoni, kumbe dawa imeshashindwa miezi mingi. Tangu 2013 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kupima wingi wa virusi badala ya kungoja CD4 zianguke, na hapo naliunga mkono. Kipimo hicho kinawezekana hata mafuta yakiadimika Bujumbura, kwa kuwa matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi husafiri hadi maabara bila barafu.

Ninachokipinga ni kuifanya namba kuwa mwisho wa safari. Utafiti wa DART, uliofanyika Uganda na Zimbabwe kati ya 2003 na 2008 kwa wagonjwa 3,316, uliwagawa: wengine walipimwa CD4 mara kwa mara, wengine wakafuatiliwa kwa macho na maswali ya daktari. Baada ya miaka mitano, walio hai walikuwa 90 katika kila 100 upande wa kwanza, 87 upande wa pili. Hao watatu si wa kupuuzwa. Ila wale 87 waliokolewa na vidonge visivyokatika na mtu wa kuwauliza hali.

Sasa tazama lengo la 95-95-95: asilimia 95 ya wenye VVU wajue hali yao, 95 ya hao wawe kwenye dawa, na 95 ya walio kwenye dawa virusi vyao vidhibitiwe. Ile 95 ya tatu inahusu walio kwenye dawa. Aliyeacha kuja kliniki, akahamia kwa ndugu zake au akafa kimya, hayumo tena kwenye hesabu hiyo. Asilimia inaweza kupendeza huku benchi la kliniki likizidi kuwa tupu! Watu wa ANSS, chama cha kuwasaidia wenye VVU kilichoanzishwa Bujumbura mwaka 1993, Jeanne Gapiya akiwa mstari wa mbele, wanajua kazi ya kumfuata mtu mpaka mlangoni kwake. Kazi hiyo haina mashine, na fedha za wafadhili zikipungua ndiyo huwa rahisi kukatwa.

Basi kila ripoti inayotaja asilimia ya virusi visivyoonekana iandike, kando yake, walioanza dawa mwaka uliopita wako wapi: wangapi wapo, wangapi wamehama, wangapi wamefariki, na wangapi ukiwapigia simu unaambiwa hawapatikani.