Gunia Halibadilishi Asili ya Mchele



Ipo fatwa ya mitaani inayozunguka katika masoko yetu, nayo haina sheikh wala kitabu. Inadai kwamba ushuru wa forodha ni maks, yaani tozo ya dhulma, na kwa hiyo Muislamu akiwadanganya maafisa wa forodha kuhusu nchi ilikotoka bidhaa yake hana dhambi. Nimeisikia hapa hapa Bukene, tena kinywani mwa mtu anayeswali safu ya mbele. Makala haya yanamjibu yeye na wenziwe.

Tuanze na mchele, maana ndio unaotulisha. Chini ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza kazi Januari 2005, mchele uliolimwa katika nchi mwanachama huingia nchi mwenzake bila ushuru, mradi uwe na cheti cha uasili. Mchele wa Pakistan au Vietnam, kwa upande wake, umewekewa katika orodha ya pamoja ushuru wa asilimia 75, ingawa Kenya iliruhusiwa kutoza kidogo zaidi. Pengo hilo ndilo linalomtia mtu tamaa. Huuchukua mchele wa Asia, akaumimina katika magunia ya hapa, kisha akaombea cheti kana kwamba umetoka katika majaruba yetu.

Anasahau kwamba kanuni zimemtangulia. Kufungasha upya, kuchanganya na kubandika alama hakuipi bidhaa uasili wa nchi. Afisa wa upande wa pili akishuku, huiandikia mamlaka iliyotoa cheti na kudai ithibati: mpunga ulivunwa wapi, ulikobolewa katika mashine ipi, na je, mavuno ya mahali hapo yanaweza kutoa tani zilizoandikwa?

Sasa tuulize, ni nani anayeumia? Mwenye fatwa yake husema ni serikali. Si kweli! Mwaka 2013 Tanzania iliruhusu mchele wa nje uingie bila ushuru ili bei ishuke. Baada ya hapo Uganda na Rwanda zikautilia shaka mchele uliotoka kwetu, ukatozwa ule ushuru wa mchele wa Asia. Mkulima aliyeinama matopeni tangu Desemba, asiyewahi kuiona meli maishani mwake, akajikuta mchele wake unashukiwa kuwa umetoka ng'ambo. Shaka ikishaingia mpakani haichagui gunia la mkweli na la mwongo.

Na sisi wa njia hii tulipaswa kulijua jambo hili kabla ya wengine. Karne ya kumi na tisa misafara iliyopanda kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka hapo kuelekea kaskazini, ilibeba kitambaa cha merekani, kilichoitwa hivyo kwa sababu kilifumwa Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, 1861 hadi 1865, vikakatiza upatikanaji wake. Vitambaa vya Uingereza na Bombay vikajaza nafasi, lakini jina la merekani likabaki. Jina la mahali huuza, ndugu zangu. Leo mtu wa mjini huongeza bei kwa kusikia tu kwamba mchele ni wa Bukene. Jina hilo ni amana ya wakulima wote, si mali ya mwenye duka mmoja.

Turudi kwenye maks. Hatukatai kwamba wanazuoni wameilaani, wala hatukatai kwamba wapo maafisa wanaodai kisichokuwa haki yao. Lakini hoja hiyo, hata tukiikubali yote, inamhusu mtozaji. Haimgusi mnunuzi aliyelipia mchele wa Bukene akapewa mwingine. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta umajimaji chini yake, mwenye rundo alisingizia mvua. Hakukubaliwa, kwa kuwa alikificha kilicholowa chini na kukionyesha kikavu juu. Basi asemeje aliyeficha nchi nzima chini ya gunia?

Na cheti ni nini kama si ushahidi? Aliyetia saini ameshuhudia. Mtume (s.a.w.), alipokuwa akiyataja madhambi makubwa, alikuwa ameegemea, alipofika kwenye ushahidi wa uongo aliketi, akakariri mpaka maswahaba wakatamani anyamaze. Mwenzetu anataka tuamini kwamba onyo hilo linakoma mlangoni mwa ofisi ya forodha. Atuletee dalili!

Huyu huyu hutoa magunia ya mchele wa futari kila Ramadhani, na kamati ya msikiti humshukuru kwa kipaza sauti. Ramadhani ijayo, kabla ya shukrani hizo, kamati na imwulize mbele ya watu: mchele huu umevunwa jaruba la nani?