Mashauriano Yasiyo na Jibu: Ripoti ya NADCO Ikitazamwa Kutoka Nchi ya Chai

Sarufi yetu hutufunza kwamba kiambishi -an- hakiingii katika kitenzi bure. Mtu mmoja hawezi kuagana, hawezi kupatana, wala hawezi kushauriana. Lazima awepo wa pili, naye atende alichotendewa. Naanza na jambo hili linalojulikana na kila msomaji wa jarida hili kwa sababu neno 'mashauriano' limekuwa likitumiwa na serikali kwa namna inayolinyang'anya kiambishi hicho. Mwananchi husema, karani huandika, ripoti hutolewa, kisha tunaambiwa kwamba tumeshauriana. Makala haya yanashikilia kwamba hapo pana nusu tu ya tendo. Nusu iliyobaki ni jibu, nayo ndiyo inayofaa kutumiwa kupima mashauriano yoyote ya uchumi wa taifa.

Mfano ulio karibu ni Kamati ya Mazungumzo ya Kitaifa, maarufu kama NADCO. Kamati hiyo ilizaliwa mwaka 2023 baada ya maandamano kuhusu uchaguzi na gharama ya maisha. Ilikuwa na wanachama kumi, watano wa Kenya Kwanza na watano wa Azimio, ikiongozwa kwa pamoja na Kimani Ichung'wah na Kalonzo Musyoka. Seneta wa Kericho, Aaron Cheruiyot, alikuwa miongoni mwao, kwa hivyo hatuwezi kudai kwamba nchi ya chai haikuwa na mtu wake mezani. Ilipokea maoni ya umma na ya mashirika katika ukumbi wa Bomas, na ripoti yake ikatoka mwezi Novemba 2023.

Mintarafu gharama ya maisha, ripoti hiyo ilikuwa na upungufu ulioonekana mapema. Pande mbili hazikuafikiana kuhusu matakwa mazito ya Azimio, likiwemo lile la kupunguza ushuru wa ziada ya thamani (VAT) kwa mafuta kutoka asilimia 16 hadi 8. Lakini yalikuwepo yaliyoafikiwa. Mojawapo ni kwamba ushuru wa ukarabati wa barabara unaotozwa kila lita ya mafuta, ambao ulikuwa shilingi 18, upunguzwe kwa shilingi 5.

Huenda msomaji aliye mbali na Kericho na Bomet akaliona hilo kuwa jambo dogo. Majani ya chai hayangoji. Yakishachumwa ni sharti yafike kiwandani siku iyo hiyo, na kutoka kituo cha kununulia hadi kiwandani hubebwa na lori linalokunywa dizeli. Yakisha kukaushwa na kufungwa, chai husafirishwa zaidi ya kilomita 700 hadi mnadani Mombasa. Gharama hizo zote hukatwa kabla ya mkulima mdogo kuhesabiwa bonasi yake, bonasi ambayo upande huu wa magharibi mwa Bonde la Ufa aghalabu huwa chini ya ile ya wenzake wa mashariki. Isitoshe, nchi iliyofunikwa kwa chai hununua sehemu kubwa ya unga wake kutoka kwingine, nao unga huja kwa lori vilevile. Shilingi tano kwa lita si mzaha kwa mtu wa namna hiyo.

Basi tutazame mwezi wa Julai 2024. Katika mwezi huo mmoja, Rais alitia saini sheria ya kurekebisha Tume ya Uchaguzi, iliyotokana na ripoti ya NADCO. Katika mwezi uo huo, ushuru wa barabara ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25. Pendekezo la wanasiasa kuhusu wanasiasa lilikuwa sheria. Pendekezo kuhusu mfuko wa mwananchi liligeuzwa kichwa chini miguu juu. Serikali ilitoa sababu: barabara zinahitaji fedha za kukarabatiwa. Yamkini ni sababu nzuri. Yeyote aliyepita njia za vituo vya majani wakati wa masika hatabisha. Tatizo ni kwamba ripoti nayo ilikuwa na sababu zake, na sababu hizi mbili hazikukutanishwa mbele ya waliotoa maoni ili waone ni ipi iliyoishinda nyingine na kwa nini.

Suala hili la jibu lilifika hadi mahakamani. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, na miongoni mwa hoja zake ilikuwa kwamba Bunge lilipaswa kueleza kwa nini lilikubali au kukataa maoni ya wananchi. Mwezi Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo. Kisheria, mjadala ulikwisha hapo. Kwa maoni yangu, Mahakama ya Rufaa ndiyo iliyoisoma vyema maana ya kushauriana.

Wapo watakaosema kwamba serikali haiwezi kumjibu kila mtu. Kweli, na kujibu si kutii. Isitoshe, inawezekana: mwezi Juni 2024 kamati ya Bunge ilisikiliza malalamiko na kuuondoa ushuru uliopendekezwa kutozwa mkate, ikatangaza hadharani. Jibu hilo lilichelewa, wala halikuuokoa mswada wenyewe, lakini lilikuwa jibu.

Hata hivyo, lawama si za Nairobi pekee. Jopokazi lililoundwa na kaunti ya Kericho kuchunguza mashine za kuchuma chai lilikadiria mwaka 2023 kwamba ajira 30,000 zilikuwa zimepotea katika mwongo mmoja. Likapendekeza kila kampuni ichume asilimia 60 kwa mashine na 40 kwa mikono, na pawepo sheria ya kudhibiti uingizaji wa mashine hizo nchini. Pendekezo la pili laonyesha ugonjwa wenyewe. Kaunti haina mamlaka juu ya forodha. Aliyepaswa kujibu hakuwamo katika mazungumzo. Mwezi Mei mwaka huo mashine zilichomwa moto mashambani na mtu mmoja akapoteza uhai. Sidai kwamba jibu lingezuia hayo yote, ila nasema kwamba mchumaji aliyeona mashine ikiendelea kufanya kazi yake hakuwa na ukurasa wowote wa kusoma alikofikishwa.

Na angeupata, angeusoma kwa lugha gani? Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini ripoti ya NADCO iliandikwa kwa Kiingereza. Wakipsigis walikuwa na kokwet, baraza la majirani, ambapo shauri lilisemwa na kuamuliwa kwa lugha moja, masikioni mwa waliohudhuria. Tusiitukuze kupita kiasi, kwani sauti ya mwanamke haikuwa na uzito huko, ilhali leo katika mashamba ya chai wanawake ni wengi. Lakini aliyehudhuria hakuhitaji mkalimani ili kujua uamuzi.

Mwezi Machi 2025 vyama vya UDA na ODM vilitia saini makubaliano yaliyoahidi kuitekeleza ripoti ya NADCO kikamilifu, na baadaye mwaka huo ikaundwa kamati nyingine ya kusimamia utekelezaji. Kamati ya kusimamia mapendekezo ya kamati! Kama jambo la maana litatoka humo, na liwe jedwali la Kiswahili sanifu: pendekezo, limekubaliwa au limekataliwa, na nani, lini, kwa sababu gani. Idara zetu za Kiswahili zina wanafunzi wa tafsiri wanaoweza kulitayarisha, nalo libandikwe katika ofisi za machifu na vituo vya kununulia majani. Mstari wa kwanza ungesomeka hivi: ushuru wa barabara, ilipendekezwa upungue kwa shilingi 5, ukaongezwa shilingi 7, na mbele yake nafasi ya sababu, ikingoja kujazwa.