JIKO LA NYUMBANI: Chapati Kama za Mkahawani

Kijana mmoja wa Mafinga ametuandikia kutuuliza jambo ambalo wengine huenda wakalidharau, nasi hatulidharau. Asema kwamba katika mwezi wa Ramadhani nyumba yao hununua chapati katika mkahawa ulio kando ya barabara kuu, pale yanapopumzika mabasi yaendayo Mbeya. Chapati hizo ni laini na zina matabaka. Lakini nyumbani wako watu tisa, na fedha hukatika kabla ya mwezi kwisha. Wakizipika wenyewe hutoka ngumu kama ngozi ya ngoma, na zilizobaki jioni hazitafuniki wakati wa daku. Tena yupo bibi yao, ambaye meno yamemwishia, naye hufunga kwa chai tupu.

Kwa ajili ya bibi huyo tulimwendea mpishi wa mkahawa ule ule, akatupa vipimo vyake kwa ridhaa ya mwenye mkahawa. Ni hivi: unga wa ngano vikombe vinne, chumvi kijiko kimoja cha chai, samli au mafuta ya alizeti vijiko vitatu vya mezani, na maji ya moto kiasi cha kikombe kimoja na robo, yasiyounguza mkono.

Hapana siri katika vipimo hivyo. Siri imo katika subira. Watu wengi, waonapo unga unawashika vidole, huongeza unga mkavu mpaka donge likawa kama udongo wa mfinyanzi. Hilo ndilo kosa la kwanza. Kanda kwa dakika kumi, funika kwa kitambaa, uache nusu saa ili mnato wa ngano ulegee. Mafinga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na baridi ya Juni na Julai yaijua mwenyeji. Samli huganda upesi, na unga uliokandwa kwa maji baridi hukataa kusukumika. Basi weka bakuli karibu na jiko.

Kata madonge kumi. Sukuma kila moja, paka mafuta, likunje kama kamba, kisha lizungushe kama kata ya kubebea maji. Yaache tena robo saa, ndipo uyasukume mara ya mwisho. Asiyezungusha kata asitafute matabaka.

Kosa la pili ni moto. Mabanzi ya misonobari ni rahisi kupatikana huko kwa ajili ya viwanda vya mbao, lakini moto wake hupanda na kushuka, afadhali mkaa. Chuma kiwe cha moto hasa, kwani chapati ikaayo chumani muda mrefu hukauka kabla ya kuiva. Igeuze kavu pande zote mbili kwanza, ndipo utie mafuta.

Kijana ameuliza pia habari za mkate uitwao tortilla, aliosikia kwamba ni ndugu wa chapati. Ni kweli wafanana. Ngano ilifika Mexico pamoja na Wahispania katika karne ya 16, na watu wa kaskazini ya nchi ile wakafanya mkate mwembamba wa unga huo. Mafuta husuguliwa katika unga kabla ya maji, wala hayapakwi juu. Nao huchomwa mkavu. Lakini desturi ya kale ni kutumia mafuta ya nguruwe. Siku hizi nyingi hufanywa kwa mafuta ya mimea, walakini vijana wetu walioko Marekani na Ulaya wasome karatasi ya pakiti, na mkahawani waulize. Nyumbani, vipimo vyetu vile vile vyatosha, kwa samli.

Sasa tuje kwenye daku. Fanya kata baada ya tarawehe, zipake mafuta, uzifunike vizuri. Kwa baridi ya Mafinga hazitaharibika hadi alfajiri, na kuzichoma ni kazi ya dakika chache. Zikiwa zimepikwa tangu jioni, zipange zingali moto ndani ya kitambaa na chombo chenye kifuniko. Wakati wa daku zinyunyizie matone ya maji, uzipashe chumani na kuzifunika. Bibi apewe za katikati, kwani ya juu na ya chini ndizo zitanguliazo kukauka.