Chuka Haina Tiketi

Kuna maneno nimechoka kuyasikia, na kibaya zaidi huyasikia kutoka kwa watu ninaowapenda: "China bana, wale wana historia. Sisi kwetu hakuna kitu cha kuona." Anayesema hivyo amerudi juzi kutoka Beijing. Simu yake imejaa picha za Ukuta Mkuu, ameweka video tatu, wasee wamemmiminia mioyo. Na hiyo "kwetu" anayoidharau ni Embu, au Meru, au pale katikati ambapo basi hupita bila kusimama.

Na msiniambie ni wivu. Nimekaa Xi'an miaka minne nikisoma kwa ufadhili wa serikali yao, na kila likizo niliyokuwa na pesa kidogo nilipanda treni. Nimeendesha baiskeli juu ya ukuta wa mji ule, karibu kilomita 14 ukiuzunguka wote, mpaka miguu ikakataa. Nimesimama mbele ya wale askari wa udongo, safu kwa safu, kila mmoja na uso wake. Waligunduliwa mwaka 1974 na wakulima waliokuwa wanachimba kisima. Wakulima, ardhi kavu, kisima: hiyo hadithi ingeweza kuanzia Mbeere. Ni mahali pazuri. Ukipata nafasi nenda, usiulize mtu.

Ninachokataa ni ile hesabu kwamba wao wana vitu na sisi hatuna.

Chukua Wuhan. Kuna mnara maarufu pale, Mnara wa Korongo wa Manjano, ambao washairi wao wameusifu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Umeungua na kujengwa upya mara nyingi kuliko kibanda cha nyama choma. Mwaka 1957 walipojenga daraja la mto Yangtze, daraja lilichukua pale mnara ulipokuwa. Huu unaopiga nao picha leo ulimalizika mwaka 1985, umehamishwa kama kilomita moja, ni wa zege, na ndani una lifti. Naam, lifti. Nilipanda nayo nikiwa nimebanwa na wazee wenye kofia nyekundu waliokuwa wanafuata kijana aliyeshika kibendera. Mzee mmoja alikuwa anamsomea mjukuu wake shairi kutoka ukutani, neno kwa neno, mtoto anarudia. Hakuna aliyeuliza simiti ni ya mwaka gani.

Hata kipande cha Ukuta Mkuu pale Badaling, kile ambacho rafiki zangu wote wamepigia picha, kilikarabatiwa na kufunguliwa kwa wageni miaka ya 1950. Mawe ya zamani yapo, lakini mtu alikaa ofisini akaamua: hapa tutapakumbuka. Akatuma mafundi.

Jambo lililonigusa zaidi si majengo. Ni kwamba watalii wenyewe walikuwa Wachina. Bibi kizee kutoka kijijini Henan, mayai ya kuchemsha kwenye mfuko wa plastiki, amekuja kuangalia vitu vyake. Sasa linganisha na sisi. Mbuga ya Meru inajulikana dunia nzima kwa sababu ya Elsa, simba wa kike aliyelelewa na Joy na George Adamson. Elsa alikufa mwaka 1961, kaburi lake liko ndani ya mbuga, na mgeni ataoneshwa akitaka. Sina ubaya na Elsa. Lakini kuna simba mwenye kaburi lililoandikwa jina katika nchi ambayo watu waliofia msitu wa Kirimara wamelala bila hata jiwe. Hilo halikuwashi hata kidogo?

Panda gari pale Nairobi, twende. Unatoka kwa barabara ya Thika, ambayo kampuni za Kichina ziliijenga na ikafunguliwa mwaka 2012, unakata Makutano, na baada ya muda mfupi unaingia Mwea. Kijani pande zote, ndege weupe, wauza pishori wanakimbilia dirisha. Kila mtu anatoa simu. Nani amekuambia kwamba mifereji ya kwanza ya mpunga huu ilichimbwa miaka ya 1950 na mahabusu wa Hali ya Hatari, watu waliofungiwa kambini bila kesi? Wakati huo hapa pote palihesabiwa kuwa wilaya ya Embu. Kambi za Mwea zilikuwa na sifa mbaya hata kati ya kambi. Tunanunua mchele kilo tano, tunaomba punguzo, tunaendelea.

Ukipita Embu mjini unafika Runyenjes. Upande ule kuna kichaka kitakatifu cha Mwenendega, ambaye Waembu husimulia kwamba ndiye babu yao wa kwanza. Kule Shaanxi nilikosomea kuna kaburi la Huangdi, Mfalme wa Manjano, ambaye nao humwita babu yao, na wanahistoria wengi humhesabu kuwa mtu wa ngano tu. Kila Aprili maafisa wakubwa huenda pale kwa sherehe, ngoma na ubani, na televisheni inaonesha moja kwa moja. Babu wa ngano kwa babu wa ngano. Tofauti ni kwamba wa kwao anapelekewa televisheni, na wa kwetu anatajwa kwenye mtihani wa darasa la nne kisha anasahaulika hadi harusi ya mtu.

Halafu unafika Chuka. Hapo ndipo nataka tukae.

Juni 1953, kikosi cha King's African Rifles kilichokuwa chini ya Meja Gerald Griffiths kilikuwa kinawasaka Mau Mau kwenye maeneo ya Chuka. Katika siku chache wanajeshi hao waliwaua watu wapatao 20. Si wapiganaji waliokamatwa na bunduki. Walikuwa wanakijiji, na kati yao walikuwemo walinzi wa nyumbani, yaani watu waliokuwa upande wa serikali ileile iliyowaua. Griffiths alishtakiwa kwa mauaji ya mtu mwingine, akaachiliwa, kisha mwaka 1954 akafungwa kwa ukatili dhidi ya mateka. Kwa mauaji ya Chuka yenyewe hakuna aliyewahi kusimamishwa kizimbani. Hakuna hata mmoja.

Nimepita Chuka mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nikienda kwa shosho Nkubu, nikirudi shuleni, nikienda matangani. Hakuna mwalimu, mjomba wala makanga aliyewahi kuniambia. Nilisoma habari hiyo nikiwa China. Mnaelewa hilo? Nilikuwa kwenye bweni Xi'an, usiku wa manane, nasoma kuhusu mji ambao naujua kwa ndizi zake.

Wiki chache baadaye nilienda Nanjing. Jumba la kumbukumbu ya mauaji ya 1937 lilifunguliwa mwaka 1985. Kuingia ni bure. Idadi wanayoishikilia, 300,000, imechongwa kwenye jiwe kwa lugha nyingi. Unapita gizani, unaona mifupa ya watu palepale ilipofukuliwa, na watoto wa shule wanapita kimya, sare zao safi, mwalimu mbele. Tangu 2014 tarehe 13 Desemba ni siku ya kitaifa ya kuomboleza na ving'ora hulia mji mzima. Mkenya mwenzangu tuliyekuwa naye alilia. Akatoka nje akaniambia, "Hawa watu wanajua kuheshimu wafu wao." Anatoka Chogoria. Chuka na Chogoria ni mwendo wa matatu moja, hata hujamaliza kutafuna muguka wako.

Najua mtaniambia nini. Mtasema idadi hazilingani. Ni kweli, hazilingani, na sijasema zinalingana. Lakini mtu aliyepoteza baba yake Juni ile hakumpoteza kwa asilimia. Mtasema nchi maskini haiwezi kujenga majumba ya kumbukumbu. Nani ameomba jumba? Naomba kibao. Mbao, rangi, majina. Kaunti inayoweza kuweka bango la gavana anayetabasamu kila kilomita tano inaweza kuandika majina 20.

Mtasema pia, na hapa mko na hoja, kwamba Nanjing ni siasa. Kwamba chama kinachotawala kinakumbuka alichofanya Mjapani na kunyamazia alichofanya chenyewe. Sawa kabisa. Nilipofika uwanja wa Tiananmen, kiongozi wa msafara wetu alitueleza urefu wa mlingoti wa bendera na saa ya kuipandisha. Kuhusu 1989, kimya. Niliporudi bwenini nikamuuliza mwanafunzi mwenzangu, akatazama mlango kwanza, kisha akaniuliza kama nimekula.

Sasa tuangalie kimya chetu. Ukishapita daraja la Nithi, pale ambapo gari zima hunyamaza na kina mama huanza kusali, unaingia nchi ya Baimungi. Field Marshal Baimungi aliongoza wapiganaji wa upande wa Meru ndani ya msitu wa Mlima Kenya. Uhuru ulipokuja 1963, yeye na wenzake waliuliza swali dogo: ardhi iko wapi? Mwaka 1965 aliuawa. Waliomuua hawakuwa Waingereza. Ni vikosi vya Kenya huru, chini ya bendera aliyoipigania. Na Mau Mau wenyewe waliendelea kuwa kundi haramu kisheria hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Hata ule mnara wa Mau Mau pale Uhuru Park, uliozinduliwa 2015, aliyelipia ni Mwingereza, baada ya wazee kumpeleka mahakamani.

Yule mwanafunzi mwenzangu ananyamaza kwa sababu anaogopa kupotezwa. Sisi tunanyamaza bure. Leo hakuna polisi atakayekushika ukimtaja Baimungi kwenye matatu. Hakuna anayekukataza kumuuliza guka wako alikuwa upande gani mwaka 1953. Labda hilo ndilo tatizo, tunajua jibu linaweza kuwa chungu, kwa sababu nusu ya koo zetu zilikuwa na mtu msituni na mtu mwingine kwenye boma la walinzi, na mashamba yaligawanywa wakati wa kwanza akiwa kambini. Ukuta Mkuu haukuulizi maswali kama hayo. Unalipa, unapanda, unatabasamu, unashuka.

Nikifika Meru huwa napitia makumbusho mjini, kwenye jengo la mawe lililokuwa ofisi ya DC. Ni padogo, pametulia, na mara nyingi mimi ndiye mtu mzima peke yangu kati ya watoto wa shule. Kisha Nchiru, kando ya barabara ya Maua, makao ya Njuri Ncheke. Wengi wanajua Njuri kama wazee wa kuvisha wanasiasa mavazi ya heshima wakati wa kampeni. Wachache wanajua kwamba Aprili 1956 wazee hao, wakiwa bega kwa bega na wakoloni, walipiga marufuku ukeketaji, na kwamba wasichana wa Meru waliasi, wakachukua nyembe na kukatana wenyewe kwa wenyewe. Waliitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe." Katika miaka mitatu zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa. Mimi napinga ukeketaji bila kusitasita. Lakini wasichana wa miaka kumi na kitu kuwagomea kwa mpigo baba zao na DC, kwa jambo ambalo leo tunaliona baya, hiyo ni historia nzito kuliko mnara wowote wa lifti. Shosho alikuwa wa rika hilo. Nilipomtajia neno Ngaitana alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka, na tukakaa hivyo hadi chai ikapoa.

Na kama bado mnataka China ndiyo iwathibitishie, haya. Wameru husimulia kwamba walitoka Mbwaa, kisiwa walichotumikishwa na watu wa nguo nyekundu, wakatoroka kwa kuvuka maji. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman alikisia kwamba Mbwaa ilikuwa Manda, kule Lamu. Si hakika, ni kisio. Lakini mwaka 2013, msafara wa akiolojia uliomhusisha Mkenya Chapurukha Kusimba ulichimbua pale Manda sarafu ya mfalme Yongle, yule aliyetawala China kuanzia 1403 hadi 1424 na kutuma meli za Zheng He hadi pwani hii. Yaani huenda Mchina alitembelea "kwetu" kabla sisi hatujaamua kuondoka.

Sitaki mtu aache kwenda China. Nitarudi mwenyewe, sijaona Dunhuang. Ila usitue JKIA ukaniambia hakuna kitu cha kuona kwenye barabara ambayo umekuwa ukilala tangu Makutano, kofia usoni, spika masikioni.

Juni hii tunashuka Chuka. Hatuna kiongozi wa msafara wala kibendera. Tuna daftari, na majina ya wazee watatu ambao binti ya mmoja wao ametuahidi kuwauliza kama watakubali kuongea. Mpaka sasa tuko wanne, na yule wa Chogoria ni mmoja wetu. Gari linatoka saa kumi na mbili asubuhi.