UVIMBE USIOUMA

Uvimbe wa saratani unapoanza katika titi, mara nyingi hauumi. Mama wa Mbweni akiugusa asubuhi wakati wa kuoga, hujifunga kanga yake akaenda kazini, na nani atamlaumu? Maradhi yaumayo humpeleka mtu hospitali. Yasiyouma hungojea mwisho wa mwezi, kisha mwezi mwingine. Tathmini iliyotolewa nchini mwaka 2017 ilionyesha kuwa wagonjwa wapatao 80 katika kila 100 wa saratani ya matiti walikuwa wamekwisha fika hatua ya tatu au ya nne walipogunduliwa.

Wako wasemao kuwa dawa yake ni kununua mashine za eksirei ya matiti na kuzigawa kila wilaya. Mashine hatuzipingi. Lakini wagonjwa wengi wa kwetu ni vijana kuliko wale wa Ulaya, na nyama ya titi la kijana imeshikana. Katika picha hutokea nyeupe, na uvimbe nao hutokea mweupe vile vile. Yafaa tutazame Mumbai, nchini India. Huko wanawake zaidi ya 150,000 walifuatiliwa kwa miaka 20, na kundi moja lilipimwa kwa mikono, kila baada ya miaka miwili, na wanawake waliofunzwa kazi hiyo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: ugonjwa uligunduliwa mapema zaidi, na kwa wenye miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya umri huo nafuu hiyo ya vifo haikuonekana, wala hatulifichi. Hao hawana budi kufika upesi mara waonapo dalili, na kumkuta katika zahanati ya jirani muuguzi ajuaye la kutenda.

Maana mkono ukiisha kugusa uvimbe, safari ndiyo kwanza inaanza. Sharti kipande cha nyama kichukuliwe, kipimwe maabara, na majibu yarudi. Shirika la Afya Duniani lataka uchunguzi wote umalizike katika siku 60. Dar es Salaam inayo Ocean Road, inayo Muhimbili, tena inazo Mwananyamala na Temeke. Mtu wa Kigoma akisikia kuwa mwenziwe wa Mbweni amechelewa, atashangaa. Lakini kibarua wa Tegeta apoteaye kutwa nzima hospitalini hupoteza ujira wa kutwa. Akiambiwa "rudi juma lijalo" mara tatu, mara ya nne haonekani.

Lipo pia jambo linalosemwa kwa kunong'ona: hofu ya kukatwa titi. Mwanamke huogopa kisu, huogopa na maneno ya mumewe. Lakini ugonjwa ukigunduliwa mapema, mara nyingi daktari huweza kuondoa uvimbe peke yake, kisha mgonjwa akapigwa mionzi. Na uchunguzi wa miaka 20 uliofanywa Italia na Marekani, uliotangazwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa huishi sawa na aliyekatwa titi lote. Akina mama wangapi wamepata kuambiwa habari hii?

Mionzi hiyo hutolewa siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa, na Ocean Road iko mbali na Mbweni. Vyama vya wafanyakazi vinapokaa na waajiri kujadili mikataba, siku hizo ziandikwe humo, zenye malipo kamili, pamoja na nauli ya daladala.