Wacheni Chai Yetu

Eastlands nzima, Umoja hadi Kayole, kila mtu ni daktari. Ndugu yangu mdogo akitoa sindano, jirani anaanza: "Si mpunguze sukari kwa chai?" Wapi! Kisukari chake ni aina ya kwanza: kinga ya mwili ilishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Bila insulini sukari inajaa kwenye damu, misuli ikilala njaa. Kijiko hakihusiki.

Mwaka 1923 Banting na wenzake waliikabidhi Chuo Kikuu cha Toronto hataza ya insulini kwa dola 1 kila mmoja. Dola moja, manze! Leo mathee anaipigia hesabu kama kodi ya nyumba, na stima ikipotea anahangaika isiharibike na joto. Jirani, twende kwa mheshimiwa ukamuulize hayo.